Tulienda kuogelea pale barafu ilichonga Mlima Kenya, Boi akatoka na midomo ya zambarau (uzi mrefu, pika chai kwanza)

Msafiri wa Kahawa West

Wasee, hii stori nimekaa nayo wiki mbili nikingoja siku stima haipotei, na bado nimeishia kuiandika kwa simu, kwa hivyo herufi zikikosa mahali mtanisamehe.

Iko hivi. Paa la gorofa yetu, ukipanda saa kumi na mbili asubuhi kuanika nguo na usiku ilikua imenyesha ikaosha vumbi, unaona Mlima Kenya. Sio kila siku, mwaka mzima labda mara tano. Yale meno yake yanatokea huko mbali, kilomita 120 hivi, alafu saa mbili ikifika mawingu yanafunika unabaki na mabati ya Githurai. Miaka kumi nimeishi hapa nikiangalia hayo meno na sijawahi hata kanyaga msitu wake. Sasa mwezi jana mtu akatupa picha kwa grupu ya WhatsApp ya kazini, maji ya buluu yanaporomoka yanaingia kwa dimbwi, mawe meusi pande zote, majani marefu ya rangi ya simba, na chini ameandika ati ni dimbwi la kuogelea lililochongwa na barafu. Barafu, Kenya hii. Nikasema hapo lazima niingie.

Boi akasema hata yeye. Wale hamjui Boi, huyo ni muogeleaji wa hoteli, ile ya kulipa kiingilio unapewa na chipsi, anapiga mbizi anatokea upande ule mwingine akiangalia ni nani amemuona.

Mahali penyewe ni maporomoko ya Nithi, upande wa Chogoria, mashariki ya mlima. Tulitoka Ijumaa saa kumi na moja alfajiri na Probox ya shemeji yake, Thika Road, Makutano, Embu, Runyenjes, Chuka, ni zaidi ya kilomita mia mbili mpaka Chogoria. Na kuna kitu sikua nimewahi kuunganisha kwa kichwa. Ile daraja ya Nithi, ile ya ajali nyingi, sote tunaijua na hatupendi kuitaja usiku, mto wenye unapita chini yake ndio huo huo tulikua tunaenda kuoga huko juu. Dereva alishuka gia mpaka ya pili, redio akazima, gari nzima kimya, Boi ambaye huwa hanyamazi akashika kile kishikio cha juu ya mlango. Tukavuka. Chini maji yanakwenda zake tu kama hayajui kitu.

Ngoja nirudi, mteja ameingia.

Dere Mstaafu

Hiyo daraja nimeipita na lori ya viazi miaka mingi sana. Hatari ni ukitoka Meru, mteremko ni mrefu kuliko macho yanavyokwambia, na wengi wanakanyaga breki kutoka juu mpaka inashika moto, wakifika kwa kona hakuna breki tena. Ukitoka Nairobi ni afadhali kidogo. Huyo dereva wenu alifanya vizuri, gia ndio inashika gari sio mguu. Endelea kijana.

Mama Tasha

Endelea tafadhali, niko na uji hapa. Na useme kama watoto wanaweza kwenda, wangu wanafunga shule hivi karibuni na sitaki kuwapeleka mahali pa bembea tena.

Msafiri wa Kahawa West

Sehemu ya pili.

Probox tuliiacha Chogoria mjini kwa mama mmoja mwenye hoteli, alituuzia chapo na maharagwe akakubali kuichunga. Kutoka hapo mpaka geti ya mbuga ni kama kilomita 30 za barabara ya msitu, na ikinyesha hiyo udongo inageuka sabuni. Usidanganywe na mtu. Unataka gari ya kuvuta magurudumu yote manne, na dereva wa huko. Sisi tulipata Land Cruiser ya zamani, mlango mmoja umefungwa na kamba, lakini huyo mzee wa Mwimbi aliiendesha kama anasuka mkeka. Chini ni mashamba ya majani chai na kahawa, alafu unaingia msitu wa miti mikubwa, alafu mianzi imebana pande zote mpaka ni kama unapita kwa korido, na kinyesi cha ndovu katikati ya barabara bado kinatoa mvuke. Mzee akasema tu "wamepita sai" akaendelea.

Sasa malalamiko yangu. Kuna jamaa wa safari tulikua tumemlipa nusu tukiwa Nairobi, akatuhakikishia kila kitu iko ndani, kiingilio, kulala, kila kitu. Tukifika geti renja anaangalia mashine yake anasema majina yenu hayako. Kiingilio hakijalipwa. Na geti hawashiki pesa taslimu, unalipia eCitizen, na mtandao hapo unakuja ukienda. Ilibidi nipande juu ya jiwe nikiinua simu kama mtu anaita mvua, Boi ananisomea namba ya malipo kutoka chini, dakika arobaini. Jamaa wa safari simu haishiki. Mpaka leo haishiki. Kwa hivyo ushauri wa kwanza, lipa kiingilio mwenyewe ukiwa bado nyumbani, uangalie bei kwa tovuti siku hiyo hiyo maana huwa zinabadilika, na upige picha ya risiti.

Tulilala geti kwa vyumba vya hapo, karibu mita 3,000 juu ya bahari. Nairobi tuko kama 1,700, kwa hivyo kichwa kilianza kuniuma jioni, sio sana, ni ile ya kukukumbusha. Boi alikua amebeba maharagwe makavu kutoka Umoja ati tusinunue chakula ghali. Akaweka kwa jiko saa kumi na moja jioni. Saa tatu usiku bado yanagongana kwa sufuria kama kokoto. Tukaongeza maji, tukaongeza mkaa. Saa nne na nusu tukala hivyo hivyo, yanalia kwa meno. Renja alicheka mpaka akashika ukuta.

Mwalimu wa Jografia

Samahani nakatiza. Hayo maharagwe hayana makosa. Ukiwa mita 3,000 hewa ni nyepesi, na maji yanachemka yakiwa kama nyuzi 90 badala ya 100. Utaona yanatokota lakini moto wake ni mdogo, na kuongeza mkaa hakusaidii kitu, yatatokota zaidi lakini hayatapata joto zaidi. Bila sufuria ya presha mlimani beba mchele, ndengu, viazi vya kukata vidogo. Naendelea kusoma.

Boi wa Umoja

Kwa hivyo nilikua sawa.

Msafiri wa Kahawa West

Haukua sawa, ulibeba kilo mbili.

Sehemu ya tatu, yenyewe sasa.

Asubuhi nyasi zilikua nyeupe. Mi nikadhani ni mtu amemwaga unga, kumbe ni umande umeganda. Saa moja mzee wa Land Cruiser akatupeleka mpaka mwisho wa barabara, kilomita saba hivi kupita geti, na hapo unaingia dunia nyingine kabisa. Miti inaisha. Inabaki nyasi ya mafungu mafungu inafika magoti, vichaka vya majani kama sindano, na zile mimea za ajabu, moja imesimama kama mshumaa mrefu wenye manyoya, ingine iko chini imejikunja kama kabeji kubwa, na ukichungulia kwa majani yake kuna maji, na juu ya maji kipande cha barafu nyembamba kama kioo cha saa. Nilikitoa na vidole. Kikayeyuka kabla sijamuonyesha Boi.

Kutoka hapo ni kutembea kidogo tu, hata nusu saa haifiki, unasikia maji kabla ya kuyaona. Njia ya kushuka mpaka chini ya maporomoko ni mteremko mkali na matope, mi nilishuka na makalio sehemu moja na sioni aibu kusema. Alafu unafika.

Picha ilikua ya kweli na pia ilikua uongo. Ukweli ni kwamba pazuri. Maji yanadondoka kutoka ukingo wa mwamba mweusi, chini kuna dimbwi, sio kubwa, na maji yenyewe ni masafi mpaka unaona kila jiwe la chini. Uongo ni ile buluu. Sio buluu, ni rangi ya chai ya rangi iliyowekwa maji mengi, nadhani ni ile nyasi na udongo mweusi wa huko juu. Mi ile rangi nilipenda kuliko buluu ya kupakwa.

Tulimuuliza renja kama kuogelea ni sawa akasema wengi huingia, lakini kaeni mbali na pale maji yanaangukia, na mkiona maji yamebadilika rangi au yameongezeka ghafla mtoke bila kuuliza, maana mvua inaweza kua inanyesha huko juu na hapa jua linawaka.

Mi niliweka kidole cha mguu. Nikakitoa. Hiyo baridi haifanani na friji wasee, friji ni mchezo. Ni kama mfupa wenyewe unang'atwa. Nikaanza kufikiria vizuri maisha yangu. Boi yeye akavua, akajinyoosha kama wale wa olimpiki, akasema "nyinyi watu wa kuoga na beseni", akaruka.

Alipotokea hakua na sura. Mdomo wazi, macho wazi, anavuta hewa haraka haraka, hhh hhh hhh, na hawezi kutoa hata neno moja. Boi! Huyu mtu nimemjua tangu darasa la nne na sijawahi kumuona amekosa neno. Alikua mita tatu tu kutoka kwa jiwe na nakwambia hizo mita tatu alizipiga kama anavuka Nyanza. Tukamvuta na taulo, mi na mzee. Midomo zambarau. Akasimama hapo akitetemeka, akachukua jaketi akavaa, alafu akajaribu kufunga zipu. Vidole havikubali. Anaangalia zipu, anaangalia vidole, vidole vinagusa kile kichuma na havikishiki. Ikabidi nimfungie mimi, mpaka kwa shingo, kama mtoto wa nasari.

Baadaye mi niliingia pole pole, mpaka kifuani, nikahesabu mpaka tisini nikatoka. Na hiyo ndio kuogelea yangu yote, sekunde tisini kwa safari ya siku tatu. Ningerudi? Kesho.

Bahari Ndogo

Hahahaa nyinyi watu wa bara mna mambo wallahi. Mtu aacha maji ya vuguvugu ya Nyali, bure kabisa, aenda kulipa apate kufungiwa zipu! Huku kwetu maji kama ya kuogea mtoto, waingia asubuhi watoka magharibi.

Mtoto wa Nanyuki

Mbona hamkwenda Ngare Ndare tu, ni karibu na Timau, vidimbwi ni vya buluu kweli kweli sio rangi ya chai, kuna daraja la kamba la kutembea juu ya miti, urefu wake mita 450, na huhitaji kupanda mlima wala kuchemsha maharagwe. Na maji ni baridi lakini ya kawaida.

Msafiri wa Kahawa West

Ngare Ndare nimeenda na napapenda, sibishani. Lakini hiyo ni chemchemi za msitu. Mi nilitaka mahali barafu ilipita. Ni kitu kingine kusimama hapo.

Nesi wa Zamu ya Usiku

Nimesoma nikishika kichwa. Huyo Boi alicheza na maisha, na wala sio kwa sababu hajui kuogelea. Hiyo alifanya ya kuvuta hewa haraka ni mwili unashtuka na baridi, huamui wewe, unajikuta tu unavuta. Ikitokea kichwa kikiwa ndani ya maji unavuta maji badala ya hewa, na hapo hata bingwa anazama. Ndio maana hatusemi watu waruke. Unaingia miguu kwanza, unajimwagia kifuani na usoni, unangoja pumzi itulie. Kwa kawaida ndani ya dakika moja hivi inatulia kama hujapaniki. Alafu hata ukiwa umetulia usikae, damu inakimbia kutoka mikononi na miguuni kwenda ndani, misuli ya vidole inapoa, ndio zipu inakushinda. Na mkono wenye hauwezi zipu hauwezi pia kushika jiwe ujivute kutoka.

Ukimtoa mtu, vua nguo mbichi, kausha, vaa kavu mpaka kofia, chai tamu ya moto akiwa ana uwezo wa kumeza, mkinge upepo. Mwenye shida ya moyo au presha asijaribu kabisa. Na huko juu oksijeni unayopata ni kama thuluthi mbili ya ile ya baharini, kwa hivyo kila kitu ni kigumu zaidi.

Kamau Mzigo

Mi naonaga dawa ya hiyo baridi ni kakitu kadogo kwa chupa kabla ya kuingia, damu inapata moto.

Nesi wa Zamu ya Usiku

Hapana hapana hapana. Pombe inafungua mishipa ya ngozi, unasikia joto juu ya ngozi kumbe ndio joto linatoka nje. Unapoa haraka ukijidanganya. Weka chupa chini Kamau.

Mama Tasha

Basi wangu hawaendi kuogelea, wataenda kuangalia. Na bilharzia je? Na maji ya kunywa?

Nesi wa Zamu ya Usiku

Bilharzia huko usiogope, inahitaji konokono wa majini na hao konokono hawaishi kwenye baridi hiyo ya juu mlimani. Chini tambarare ni mambo mengine. Maji ya kunywa chemsha au weka dawa, hata kama yanang'aa, nyati na pimbi hawana choo chao.

Mwalimu wa Jografia

Nimengoja watu wamalize ya Boi. Msafiri umeandika "dimbwi lililochongwa na barafu" na wengi mtairudia hivyo, basi wacha nitenganishe kazi ya barafu na kazi ya maji, maana mafundi walikuwa wawili.

Mlima Kenya ni volkano iliyozimika zamani sana, zaidi ya miaka milioni mbili. Haya meno tunayoyaona, Batian mita 5,199 na Nelion 5,188, sio mdomo wa volkano. Ni kile kizibo kigumu kilichobaki kwenye koo lake baada ya kila kitu kilichokizunguka kuliwa. Na mlaji mkubwa alikuwa barafu. Enzi ya barafu ya mwisho, kilele chake miaka kama 20,000 iliyopita, ndimi za barafu ziliteremka kwenye mabonde mpaka mita 3,000 na kitu. Leo mabaki yote yako juu ya mita 4,500. Kwa hivyo hapo mliposimama na taulo palikuwa ndani ya eneo la barafu, au pua yake.

Barafu peke yake ni laini, haiwezi kuchonga mwamba. Inachonga kwa mawe yaliyoganda chini yake. Fikiria karatasi ya msasa yenye uzito wa gorofa thelathini, inasukumwa pole pole kuteremka, mwaka baada ya mwaka. Tena maji yanaingia kwenye nyufa, yanaganda, yakiganda yanavimba kama asilimia tisa, yanapasua mwamba, na ulimi wa barafu unabeba vipande. Ndio maana bonde la mto wa kawaida lina umbo la V na bonde la barafu lina umbo la U, kama karai. Ukipanda juu zaidi ya hayo maporomoko unaingia bonde linaloitwa Gorges, na hapo karai utaliona wazi, kuta zimesimama pande zote mbili, na ndani kuna Ziwa Michaelson limekaa chini ya ukuta wa Temple, kama mita 300 kwenda juu. Ziwa hilo liko kwenye shimo ambalo barafu ililichimba.

Sasa barafu ikisharudi nyuma inaacha ngazi ngazi, vizingiti, na marundo ya mawe iliyoyabeba. Mto unakuja baadaye unajikuta lazima uruke hizo ngazi. Hapo ndipo unapata maporomoko. Na dimbwi lililo chini yake ni kazi ya maji yanayoanguka, yakizungusha kokoto chini kama mchi ndani ya kinu, mpaka kinachimbika. Kwa ufupi barafu ilijenga nyumba, mto ukachimba kisima.

Msafiri wa Kahawa West

Mwalimu!! Hiyo ya kinu niliiona na sikujua ni nini. Juu kidogo ya maporomoko, kwa mwamba kando ya maji, kuna kashimo ka mviringo, kadogo kama sufuria ya ugali wa watu wawili, kuta zake laini kabisa ukipitisha mkono, na ndani kulikua na mawe matatu ya mviringo kama mayai. Nilitoa moja nikalishika muda mrefu. Boi alikua anataka tubebe nyumbani, mzee wa Land Cruiser akasema rudisha, hilo bado liko kazini. Nikarudisha.

Kijana wa Mwimbi

Huyo mzee namjua kwa hilo neno tu, nadhani najua ni nani na sitamtaja. Asanteni kwa kuja kwetu. Ila nawaomba kitu wale wote mtakuja baada ya kusoma huu uzi. Huo mto ndio unapea kaunti yetu ya Tharaka-Nithi nusu ya jina, na ndio tunakunywa huku chini kabla haujaenda kuingia Tana. Sabuni na shampuu msiingie nazo. Juzi nilipata pakiti za shampuu kwa mawe, zile ndogo za shilingi kumi, zimepangwa vizuri kabisa kama mtu alikua anauza.

Dere Mstaafu

Mimi nilikuwa nikiamini hayo maji ni barafu inayoyeyuka, na barafu ikiisha mto utakauka. Mwalimu ni kweli?

Mwalimu wa Jografia

Wengi wanaamini hivyo. Barafu iliyobaki ni ndogo mno, mchango wake kwa mito ni kidogo sana. Mto unalishwa na mvua, na hiyo mvua inashikwa na msitu na zile nyasi na matope meusi ambayo Msafiri aliyateremka na makalio. Hiyo ndiyo sponji. Ukichoma hizo nyasi au ukikata msitu ndipo ulie kuhusu mto. Barafu ikienda, tutapoteza kitu kingine.

Mwanzoni mwa karne ya 20 zilihesabiwa barafuto 18 mlimani (barafuto ndilo neno la vitabuni, wanafunzi wangu hudhani ni aina ya aiskrimu). Miaka ya 1980 zilibaki 11. Iliyo kubwa ni Lewis, na hata hiyo imepasuka vipande na kusinyaa vibaya. Shirika la hali ya hewa duniani, kwenye ripoti yake ya Afrika ya mwaka 2020, lilisema barafu zote za Afrika mashariki zinaweza kuisha miaka ya 2040, na ya Mlima Kenya itatangulia zingine kwa muongo mmoja. Hesabu mwenyewe kutoka leo.

Mama Tasha

Nyanya yangu alikua anaishi upande wa Nyeri, alikua akisema zamani mlima ukijifunua asubuhi unauma macho, mweupe mpaka chini. Sisi tulikua tunadhani anaongeza chumvi. Nikiwa na umri wa Tasha niliona weupe kidogo. Tasha nikimuonyesha anauliza "uko wapi huo weupe".

Mukamba wa Kitui

Sasa mimi niongeze ya kwetu kabla mseme mlima ni wa watu wa Embu na Meru peke yao. Huko Kitui ndiko mzungu wa kwanza kuandika ameuona mlima alisimama, Krapf, Desemba 1849. Huyo huyo wa kamusi ya Kiswahili. Akaandika kuna theluji hapa kwenye ikweta, wataalamu wa Ulaya wakamcheka miaka na miaka. Lakini watu wa Embu walikuwa wamemwambia kitambo kwamba hawapandi sana kwa sababu ya baridi kali na kitu cheupe kinachobingirika kutoka juu kwa kishindo kikubwa. Watu walikuwa wanajua barafu inatembea, hawakungoja kuambiwa.

Bahari Ndogo

Sasa hiyo ya kishindo imenitisha na kunivutia pamoja. Krapf twamjua sana huku, alikaa Rabai. Haya, nyinyi mwaenda tena lini? Mie nikija nitakaa kando nishike nguo.

Msafiri wa Kahawa West

Mwisho wa Januari au Februari, kukiwa kavu. Machi mpaka Mei msijaribu hiyo barabara, na Oktoba mpaka Desemba ni bahati nasibu. Safari hii tunalala geti usiku mbili kichwa kizoee, siku ya pili tunapanda mpaka tuone hilo Ziwa Michaelson kutoka juu, na kiongozi wa njia wa Chogoria tunamlipa sisi wenyewe mkononi, hakuna jamaa wa Nairobi kati kati. Gari moja tukiwa sita inagawanyika vizuri. Chupa ya chai kubwa mbili. Maharagwe hakuna.

Kamau Mzigo

Mi niko ndani. Bila chupa, nesi nimesikia.

Nesi wa Zamu ya Usiku

Mi pia nakuja, na nakuja na filimbi. Nikipuliza mtu atoke.

Boi wa Umoja

Nimenyamaza nikaona mtamaliza kunichafua jina, wapi. Kwanza sikua natetemeka hivyo. Pili ile zipu ilikua mbovu tangu Nairobi, ulizeni mtu yeyote.

Msafiri wa Kahawa West

Boi, ile jaketi ilikua yangu. Niko nayo hapa nimevaa. Zipu inafanya.